Wakwe zangu na wapinzani wao wa ngoma wanatupiana vijembe kwenye ukurasa wa wageni, na kura ya kuufuta ninayo mimi

Admin, ukiiweka hii usitoe jina langu wala namba, maana sisi wa Newala, watu wa korosho, tuliopo hapa Kasoli tunahesabika. Nina miaka thelathini na nane, shule niliishia kidato cha pili, kazi yangu ni kubeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nilikuja kwa msimu mmoja tu. Nikaoa huku huku, na sasa naishi ndani ya kaya ya wakwe zangu, kwenye nyumba waliyotupa wao.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni kiongozi wa kundi la ngoma. Kwa wasiojua mambo ya huku, baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi upande wake. Kusemana ni sehemu ya mchezo. Shemeji aliniomba niwafungulie blogu ya kuweka picha zao. Nikatumia programu huria, ile ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua ndani na kuirekebisha. Haikuwa na Kiswahili, basi nikawa natafsiri maneno yake kwenye simu wakati wa mapumziko ya mchana, mgongo ukiniuma. Wenye programu walifurahi, wakanifanya mmoja wa watu watano wanaoitunza na kuamua mambo yake kwa kura.

Sasa programu hiyo ina kitu cha kizamani kinaitwa ukurasa wa wageni. Ni wa enzi zile mtu akipita kwenye blogu yako anaandika "nimefika, hongereni", anaenda zake. Hauulizi barua pepe, hauulizi nywila, hata simu ya kitochi yenye intaneti inatosha. Dunia nzima wameshauacha. Huku ndiko umepata wateja.

Jamani, watu wazima! Mtu ana ng'ombe, ana wajukuu, amekaa mnadani Nkololo na kitochi chake anaandika: "Mlicheza mpaka mwenye uwanja akaenda kukamua." Wa kwetu wanajibu: "Kiongozi wenu anacheza kama anayetafuta sindano mchangani." Mwaka mzima hivyo, masika na kiangazi, palizi inawasubiri. Na mimi hawakuniacha. "Hao wanaandikiwa na mkwe wa kutoka korosho, hata plau hajui kuishika." Shemeji alinisomea hiyo kwa sauti huku anacheka. Akaniambia, "Wajibu bwana, wewe si ndiye fundi?" Sikuwajibu. Nimjibu nini mtu ambaye akili yake yote imeishia kwenye miguu?

Basi ukurasa huo ndio mlango wanaoingilia wahuni. Kuna mwalimu mmoja wa kike, nchi nyingine kabisa, anatumia programu hii kuwawekea wanafunzi wake masomo. Wahuni wamepitia ukurasa wa wageni, watoto wakifungua somo la hesabu wanakuta picha za uchi. Mama wa watu kasimamishwa kazi. Ametuandikia, hakutukana, ameuliza tu kwa nini tumeacha mlango huo wazi.

Ikaitishwa kura: ukurasa utolewe kabisa kwenye programu, au ubaki. Kuuzima tu kunauficha, tundu la wahuni linabaki. Wawili wamesema utolewe. Wawili wamesema ubaki, eti ni kumbukumbu ya zamani. Kumbukumbu! Watu wanakaa kwenye viti vya kuzunguka, robota hawajawahi kuliona hata kwa picha, wanalilia kumbukumbu ya ukurasa ambao hawajaufungua miaka yote. Imebaki kura yangu. Na msiniambie nibaki na programu ya zamani kwenye blogu ya shemeji. Ukurasa ukishatolewa, programu hiyo ya zamani hakuna atakayeikarabati, wahuni watatuingilia na sisi.

Kabla ya kupiga kura niliuzima kwanza kwenye blogu yetu, nione itakuwaje. Siku ya mnada wapinzani walipita katikati ya watu wakiimba kwamba tumefunga mlango na kujificha uvunguni. Shemeji alinifuata kiwandani, mbele ya wabebaji wenzangu.

"Shemeji, umetufunga mdomo?"

"Nimezima kwa muda. Kuna mwalimu kapata matatizo."

"Mwalimu wa wapi?"

"Huko mbali."

"Ana ngoma?"

"Hana."

"Basi asituharibie. Washa. Ukiutoa moja kwa moja, kafungashe, urudi kwenye korosho zenu. Dada yangu atabaki."

Wenzangu wakacheka. Niliuwasha siku ile ile. Nikajiona mjinga.

Nyumbani nikatarajia mke wangu atanitetea. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua hata uso. "Baba watoto, ngoma huchezi, kushangilia hushangilii. Kazi yako kutudharau tu. Unadhani hatuoni?" Nikamwambia habari ya mwalimu. Akasema, "Huyo mwalimu namwonea huruma. Lakini wewe humtetei yeye. Unatukomoa sisi."

Hilo ndilo linaloninyima raha. Ni kweli nawadharau. Nawadharau wapinzani, namdharau shemeji, nawadharau na wale wa viti vya kuzunguka. Nikipiga kura utolewe, mwalimu na wengine kama yeye watapona, na mimi nitafukuzwa na watoto wangu nitawaacha. Nikipiga ubaki, nitalala hapa hapa na kuendelea kusikia nani kacheza kama mbuzi, huku nikijua mlango tumeuacha wazi kwa watoto wa watu. Kura inafungwa Jumapili.

Ndugu zangu, ninyi mngepiga kura gani? Semeni moja kwa moja. Anayetaka kuniambia nivumilie aje yeye aishi na shemeji.