Waliniambia utafiti umethibitisha ulanzi unatibu sukari, nusura nikatwe mguu

Kamwene wakuu.

Mimi humu huwa msomaji tu, ila hili limenikaa kooni. Sijaongeza chumvi. Shule yangu ni darasa la saba, mnivumilie uandishi.

Ni mkulima wa viazi, naishi Makambako. Nina sukari, na dawa nilikuwa nameza vizuri tu.

Wahusika nawataja: Ezekia, muuza mbolea pale Lyamkena, na Danford, shemeji yangu.

Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulipoanza, Ezekia akaniambia, "Braza, bado unameza vidonge? Utafiti umethibitisha ulanzi wa asubuhi, kabla haujachacha, unasafisha sukari yote. Wazungu wameshapima!"

Nikamuuliza Danford. "Ndiyo utafiti huohuo, shemeji. Mianzi unayo nyuma ya nyumba, unahangaika nini?"

Watu wawili, utafiti mmoja. Nikaamini. Dawa nikaacha, kila asubuhi nipo kwenye mianzi nagema.

(Wanaoujua ulanzi mbichi wanajua. Ule utamu ni soda kabisa. Na mimi mgonjwa wa sukari!)

Kidonda kidogo cha jembe mguuni kikagoma kupona. Kikaanza kunuka. Mama Upendo, mke wangu, akanipeleka hospitali Njombe. Daktari akasema tujiandae, huenda mguu ukakatwa.

"Mzee, nani kakuambia uache dawa?"

"Utafiti, daktari."

"Wa nani? Ulifanyika wapi?"

Nikawataja Ezekia na Danford.

Mama Upendo akachukua simu, akaweka loudspeaker. Ezekia: "Mimi nilisikia kwa Danford." Akampigia Danford: "Aaah, dada, si Ezekia ndiye aliniambia!"

Wakuu, utafiti wenyewe ndio huo. Walevi wawili wanasikilizana kilabuni.

Namshukuru Mungu, nilirudi kwenye dawa, kidonda kikaanza kukauka, sasa kimefunga. Siku daktari aliposema haukatwi, nililia kama mtoto.

Nilichojifunza: mtu akisema "utafiti unaonyesha", muulize wa nani, wapi, na usome wapi. Akianza kujikuna kichwa, ondoka. Na nyie mnaoandika hivyo humu bila kuweka source, mnachezea miguu ya watu.

Karibuni mchangie, hata matusi nayapokea. Ila ukija na utafiti, njoo na chanzo chake.

Ezekia na Danford, najua mnapita humu. Jana nimeingia shambani na gambuti. Zote mbili.