Nyenje wa Nyamizi

Watu wa Segese waliomfahamu Nyamizi hucheka kwanza, ndipo wakueleze. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali wa ulimi na mwepesi wa mkono, na mwaka 1952 aliigeuza nyumba yake kuwa makao ya nyenje. Si wale nyenje wa kujipenyezea ukutani. Hao kila nyumba ya nyasi ilikuwa nao. Wake walikuwa wa kufugwa, wenye chungu chao, chakula chao na maji yao, na ole wake mtu aliyegusa mfuniko bila ruhusa.

Mwenye makosa alikuwa mumewe, Mabula. Mvua zilipokuwa zinakatika, naye ameshafunga mzigo wa kwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu, alimletea mayai ya kanga ndani ya kofia. Aliyaokota kando ya shamba la mtama.

"Yaatamishe kuku wako," alimwambia. "Wakianguliwa, walee. Siku watakayoanza kupanda mtini kulala, mimi nitakuwa nimerudi."

"Na kama hujarudi?"

"Nitakuwa nimerudi, Nyamizi."

Mabula hakuwa mwongo, lakini Nyarugusu ilikuwa imeshameza waume wa watu. Wengine walipata dhahabu wakapata na wake wengine. Wengine hawakupata kitu, wakaona haya kurudi mikono mitupu. Nyamizi alikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa na bado hana mtoto. Alibaki na mama mkwe wake, Limi, na mayai tisa. Aliogopa kuachwa, wala hakuficha kwamba anaogopa.

Mayai yakaanguliwa. Vifaranga wa kanga si kama wa kuku. Mtama uliopondwa waliuruka kama changarawe. Walitaka wadudu, na kiangazi kilikuwa kimeingia, mchwa wamezama chini kabisa. Ndipo Nyamizi akaanza kukusanya nyenje.

Hakuna aliyemfundisha. Alijaribu, akakosea, akajua. Alichagua chungu kikubwa kilichopasuka mdomo, akatia magunzi ya mahindi ili wapate pa kujificha, maana wakibanana hutafunana. Chakula chao kilikuwa pumba za mtama na majani ya viazi. Maji aliyoweka kwenye kigae yaliwazamisha, kwa hiyo akalowesha pamba kidogo, wakawa wanafyonza humo. Mdomo wa chungu aliufunga kwa kipande cha kaniki. Wakakitafuna, nusu yao wakahamia kwenye paa. Tangu hapo alifunika kwa ungo na jiwe juu yake. Kando, karibu na jiwe la kusagia, aliweka bakuli la mchanga mbichi, na majike aliwaacha humo siku mbili tatu wachome mayai yao mchangani.

Kuwashika nako kulikuwa na adabu yake. Ukimkamata nyenje kwa mguu, anakuachia mguu anakwenda zake. Nyamizi alikunja ganda kavu la hindi likawa kama bomba, akalilaza chunguni. Nyenje hupenda giza, akaingia mwenyewe. Unaziba kwa kidole, unatoka nje, unagonga mara moja, na vifaranga wamekuja mbio.

Jioni madume wakianza kuimba, Limi alikuwa akiziba masikio. "Ng'wana wane, mwanangu, hii ni nyumba au ni kichaka?"

"Vumilia, mayu, mama yangu. Wanaimba mpaka mwanao arudi."

Uzeeni, chini ya bati na juu ya sakafu ya saruji, Nyamizi aliukumbuka mwimbo ule mpaka machozi yakamlengalenga. Alisema hajapata tena kulala usingizi mzuri kama ule, ingawa ndio mwaka aliokuwa na wasiwasi kuliko yote.

Kisha ikaja baridi ya Juni. Nyenje wakazubaa, wakaacha kuimba. Nyamizi akafikiri kama alivyofikiri kila mwanamke wa kule: kitu cha thamani unakipandisha uchagani, juu ya meko, kipate joto na moshi. Mbegu zake za mahindi zilikuwa huko huko, nzima, hazijawahi kutobolewa. Akapandisha chungu, akashukuru akili yake, akaenda kisimani.

Aliporudi, hakuna hata mmoja aliyetikisa mguu.

Limi alichungulia chunguni, akacheka mpaka akakaa chini. "Mbegu tunaziwekea moshi ili wadudu wafe, mwanangu. Wewe umeupelekea wadudu wenyewe!"

Nyamizi hakucheka. Aliangua kilio kama aliyefiwa. Siku ya pili vifaranga wawili wakafa. Ndipo Limi akaelewa kwamba mkwewe hawalilii nyenje wala kanga. Alijifunga kaniki yake, akaenda zizini, akapindua mavi makavu ya ng'ombe moja baada ya jingine, mgongo wake ukiuma, akarudi na fundo la nyenje upindoni. Akafanya hivyo kila asubuhi, mpaka mayai yaliyokuwa mchangani yakatoa nyenje wadogo kama sisimizi weusi.

Kanga saba wakakua. Agosti wakaanza kurukia ua, wakitazama juu ya mgunga ulio nyuma ya nyumba. Mabula hakuonekana. Asubuhi moja Limi akamkuta mkwewe amekaa na kanga mapajani, amemkunjua bawa.

"Unafanya nini?"

"Nawapunguza mabawa, mayu. Wasimwahi mwanao."

Limi akaketi, akamshikia kanga wa pili.

Mabula alifika Oktoba, mawingu yakijikusanya, amekonda, ndevu zimefunika uso. Kanga walimpigia makelele kama mwizi. Alikuwa na blanketi jipya na haya nyingi. Baada ya kula aliomba wembe wake aliouacha. Akajaribu kunyoa, akaguta.

"Huu wembe umekata nini?"

Nyamizi aliinama, akajifanya anachochea moto. Limi akanyoosha mkono kuelekea uani. Mabula akatoka, akamkamata kanga mmoja, akafungua bawa lake. Manyoya yalikuwa yamekatwa sawasawa, safu nzima. Alisimama pale akilitazama, na nusu ya ndevu zake bado iko usoni.

Mwezi uliofuata wenzake wakampitia warudi Nyarugusu. Aliwaambia watangulie, yeye anangoja kanga wake waote mabawa kwanza.

Manyoya yakaota. Mabula mwenyewe akanoa wembe, akampa mkewe.