Diski ya Kumi na Tisa

Kituoni walimwita Koki. Jina hilo halikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake, na yeye mwenyewe alihakikisha halivuki. Kazi yake katika kikosi cha zimamoto ilikuwa kuendesha gari hadi kwenye moto, kuunganisha mipira ya maji, kisha kusimama kando ya pampu akikodolea macho geji, akifungua na kufunga koki mpaka moto uzimike. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia hata mguu mmoja ndani ya nyumba inayoungua.

Nyumbani, lakini, aliingia kila wiki. Aliingia akiwa amekaa kitini, kijiko mkononi. Alitambaa chini ya moshi, alivunja milango kwa bega, aliita "Kuna mtu humu?" mpaka mkewe akasahau kula. Visa vyenyewe vilikuwa vya kweli tupu, ila vilikuwa na mwenyewe. Huyo ni mwenzake aliyeitwa Mrefu, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiingia, na ambaye kwa bahati nzuri alikuwa mtu wa maneno machache na aliishi upande wa pili wa mji.

Tusimwonee. Uongo wa kwanza ulimtoka siku alipokwenda kujitambulisha ukweni. Mama mkwe alikuwa mwalimu, aliyekwisha kusahihisha mitihani ya watoto wa watu mpaka kalamu nyekundu ikamwachia alama kidoleni, na hakutaka binti yake aolewe na dereva. "Dereva wa gari jekundu ni dereva vilevile," alisema, tena mbele ya watu. Wiki ileile Mrefu alikuwa amemtoa mzee mmoja ghorofa ya tatu, kambeba mgongoni. Basi Koki akafungua mdomo, na yule mzee akashuka kwa mgongo wa Koki. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akamwambia binti yake alete chai.

Sasa Mwalimu alikuwa amestaafu na amepasuliwa goti, na daktari alimpa wiki sita za kukaa kwa binti yake bila kusimama ovyo. Mke wa Koki alikuwa fundi cherehani, na cherehani yenyewe ilikuwa palepale sebuleni, kwa hiyo alihitaji kitu cha kumtuliza mama yake kabla hajaanza kukosoa mishono. Alikwenda duka la diski, akarudi na boksi zima la tamthilia ya zimamoto: diski ishirini na nne, za ng'ambo, maandishi ya Kiswahili chini.

"Mama aone kazi ya mkwe wake," alisema kwa furaha, akilipanga boksi juu ya deki.

Koki alizihesabu diski, kisha akazihesabu tena.

Mwalimu aliitazama tamthilia ile kwa daftari na kalamu. Kufikia diski ya tatu alikwisha kujua nani hubeba ngazi na nani hutangulia na mpira. Kufikia ya sita akaanza ukaguzi.

"Mkwe wangu, hawa wakitoka motoni masizi yamewajaa mpaka masikioni. Wewe mbona kola yako safi hivi?"

"Tunaoga kituoni, Mama."

Zamu iliyofuata Koki alisugua kidole kwenye bomba la moshi la gari, akajipaka masikioni, akaja nyumbani akitembea kama mtu aliyepigana vita. Mwalimu alimtazama sikio la kulia, akamtazama la kushoto. "Leo maji yalikatika kituoni?" akauliza, akaandika kitu daftarini.

Kubwa zaidi ni kwamba visa vilikuwa vimemwishia. Mrefu alikuwa likizo, na Mwalimu, aliyekwisha kuzoea kuona watu wakiruka madirishani asubuhi na mchana, hakutaka tena kusikia habari za jiko lililoshika moto. Ndipo Koki alipofanya ujinga. Siku moja mkewe alipompeleka mama yake mazoezi ya goti hospitali, alikaa mbele ya deki akachungulia diski za mbele. Mwalimu alikuwa diski ya saba. Yeye akaweka ya kumi na tisa. Humo alimkuta mwanamke aliyekumbatia piano yake, akikataa katakata kutoka nyumbani bila hiyo, huku dari inadondoka vipandevipande. Askari akapiga magoti, akambembeleza, akambeba, na mara walipovuka mlango sakafu nzima ikaporomoka.

Koki alilia peke yake sebuleni. Kisha akafuta machozi, akaitoa piano, akaweka cherehani, na wakati wa kula akakiandaa kisa mezani kikiwa bado moto.

"Cherehani!" mkewe alisema, na kweli akainuka kwenda kuipapasa ya kwake.

"Na sakafu ikaporomoka?" Mwalimu aliuliza.

"Yote, Mama."

Hesabu yake ilikuwa kwamba Mwalimu angerudi kwake kabla ya kufika kumi na tisa. Lakini daktari alilibonyeza goti, akatikisa kichwa, akaongeza wiki mbili. Koki akaichukua diski akaificha ndani ya buti lake la kazi. Unamfichaje msahihishaji mitihani namba hata moja katika orodha ya ishirini na nne? Mwalimu alipofika kumi na nane alitaka kumi na tisa, akaitaka kwa sauti, na binti yake akapekua nyumba nzima mpaka akaikuta butini. Mwalimu hakuuliza imefikaje huko. Alisubiri tu siku ambayo mkwe wake hana zamu.

"Kaa hapa karibu nami, mkwe," alisema alasiri hiyo. "Tuitazame pamoja."

Koki alikaa. Alitazama heshima yake ya miaka yote ikimponyoka, tukio baada ya tukio. Mwanamke alipoikumbatia piano, cherehani nyuma yao ikanyamaza. Sakafu iliporomoka. Mwalimu akachukua rimoti, akasimamisha picha.

"Wanaonakili ni walewale," alisema. "Hubadilisha neno moja, wakadhani wametunga. Sasa niambie, na usinidanganye, maana nitajua. Wewe huwa unaingia?"

Koki alitafuta uongo kila mahali akakuta ghala tupu.

"Hapana, Mama. Mimi ni mtu wa pampu. Nakaa nje."

"Na yule mzee wa ghorofa ya tatu?"

"Mrefu ndiye aliyemtoa."

"Mungu wangu," mkewe alisema kutoka kwenye cherehani, "na mimi nimewahadithia wateja wangu wote!"

"Subiri, binti," Mwalimu alisema. "Wakati Mrefu anamtoa, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Koki alitazama mikono yake. Alieleza kwamba bomba la barabarani siku ile lilitoa hewa tupu, na kwamba maji yote yaliyokuwepo ni ya tangi la gari, ya dakika nne, na gari la pili lilikuwa bado mbali. Mrefu alikuwa ghorofani, na mpira ndio pekee uliomkinga na moto ngazini. Mkuu wa zamu alimpigia kelele aongeze maji. Yeye akapunguza. Akayapunguza mpaka yakabaki membamba, ili yatoshe mpaka Mrefu atoke, na macho hayakubanduka kwenye geji, na hakujua kama anamwokoa rafiki yake au anamuua. Dakika ya tisa Mrefu akatoka na mzee mgongoni. Tangini hakukuwa na maji ya kujaza ndoo.

"Akakushukuru?" mkewe aliuliza polepole.

"Alinitukana. Aliniuliza kama nilikuwa nimelala. Nikaenda nyuma ya gari nikatapika."

"Kwa nini hukulisema hili siku ile kwangu?" Mwalimu aliuliza.

"Mama ungenipa binti yako?"

Mwalimu alifikiri, kwa haki, jinsi alivyozoea kufikiri kabla ya kutoa alama. "Nisingekupa," alisema. "Nilikuwa mjinga." Kisha akabonyeza rimoti, maana tamthilia ilikuwa haijaisha.

Askari walitoka mbio ndani ya moshi, kila mmoja uso mweusi, muziki umepamba moto. Mwalimu hakuwa akiwatazama hao. Aliinama mbele, goti lake likamuuma, akanyoosha kidole pembeni kabisa mwa picha, ambako mtu mmoja alisimama kando ya gari akiwa amewapa mgongo wote.

"Yule wa pampu, anaitwa nani?"

"Hawajampa jina, Mama."

"Diski kumi na tisa, hawajampa jina?" Akamkabidhi Koki rimoti. "Rudisha nyuma. Nimtazame."