Ardis Lindvik na Vidagaa wa Ndoo Mbili

Kitabu cha miaka mia ya kanisa letu kimempa wifi yangu Ardis sentensi mbili: kwamba aliuza chambo, na kwamba hakuolewa. Ya kwanza haitoshi na ya pili haimhusu mtu. Mimi niliolewa katika nyumba ya Lindvik mwaka 1951, nikawafundisha watoto wa Vesleby kusoma kwa miaka thelathini na mmoja, na mume wangu Orrin, aliyestahili kumwandikia dada yake, ametangulia. Basi kazi hii ni yangu.

Duka alilianzisha baba mkwe, Mzee Peder, kando ya Ziwa Nora. Alichimba mpaka akakuta chemchemi, akayaelekeza maji yake yapite ndani ya matangi ya saruji mchana na usiku, kiangazi na baridi, na juu ya mlango akatundika ubao alioupaka rangi kwa mkono wake: LINDVIK, CHAMBO HAI. Orrin alipenda useremala. Ardis ndiye aliyebaki na matangi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono myekundu iliyozoea maji ya baridi, na hakumchotea mteja kabla ya kumuuliza maswali matatu: unamfuata samaki gani, kwenye kina gani, na saa ngapi.

Ukimjibu kwamba unamfuata kropi, alibadili wavu. Kropi ni samaki bapa, wa rangi ya fedha na madoa meusi, na ngozi ya mdomo wake ni laini kama karatasi. Wakati wa barafu, ziwa linapoganda na watu wakavua kupitia matundu, huwa mvivu na mwenye kuchagua. Ardis alimpa mteja vidagaa wadogo, wa urefu wa pingili mbili za kidole, wenye mgongo mweusi na mkia usiotulia. Waliotaka wakubwa aliwauliza, "Unataka kumlisha au kumvua?" Wengi walicheka wakachukua wadogo. Delbert Haugrud hakucheka, naye alichukua wakubwa.

Kulikuwa na mabuu pia, wale weupe wanene wanaokaa kwenye masega ya nyuki, wa kutumia saa za mchana samaki anapokataa kidagaa. Buu akiganda hafai kitu. Kwa hiyo Ardis, kama baba yake, aliwaweka wawili watatu ndani ya shavu wapate joto. Sikulipenda jambo hilo na sitasema leo kwamba nililipenda. Mke wa mchungaji alipomsalimu barafuni, Ardis aliitikia kwa kichwa tu, mdomo umefumbwa, na ikanibidi mimi niseme kwamba jino linamuuma.

Sasa huyo Delbert. Aliuza matrekta, alikuwa na sauti inayofika mbali, na majira ya baridi ya mwaka 1974 ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa shindano la kropi linaloandaliwa na wazima moto wetu wa kujitolea. Tangu shindano la kwanza chambo chote kilitoka kwetu. Mwezi wa kwanza, Delbert alisema mgahawani, mbele ya meza tatu zilizojaa, kwamba vidagaa wa Lindvik huuzwa wakiwa wagonjwa, na kwamba ukifika nao ziwani unakuta mchuzi. Watu walicheka. Siku ya nne kicheko hicho kilikuwa kimefika kanisani, na siku ya kumi kamati ikawa inazungumza kununua chambo kwenye kituo cha mafuta cha mji wa jirani.

Niliandika barua kwa gazeti. Kurasa mbili, bila neno la ukali, lakini mwenye akili angeelewa. Ardis aliisoma yote akiwa amesimama, akaiweka mezani, akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake.

"Barua nzuri, wifi," alisema. "Tatizo, Delbert havui kwa barua."

Akavaa koti akaenda mgahawani, nami nikamfuata, maana nilijua jina la nani linakwenda kuzungumzwa. Alimkuta Delbert anakula mkate wa viazi wenye siagi na sukari, akamuuliza kitu kimoja tu: ndoo yako ya chambo huwa unaiweka wapi?

"Ndani ya kibanda changu cha kuvulia, pale barafuni," Delbert akajibu. "Ulitaka nilale nayo, dada?"

Meza zikacheka tena. Ardis akangoja wamalize. Kisha akasema kwamba siku ya shindano mchungaji atachota vidagaa wetu mara moja, mbele ya watu wote, na kuwagawa katika ndoo mbili, moja ya Delbert na moja yake. Saa nane mchana, shindano likifungwa, ndoo zote mbili zitafunguliwa. Vidagaa wa ndoo yake wakiwa wamekufa kama wa Delbert, ataushusha ule ubao mwenyewe na duka atalifunga.

Njiani kurudi sikuweza kunyamaza. Nilimwambia kwamba ubao ule si wake peke yake. Ni wa baba yake, ni wa Orrin, na ni wangu pia niliyelichukua jina. Na kama anajua kinachowaua, kwa nini asiseme tu?

"Nikimwambia atabisha," alisema. "Acha aone kwa macho."

Siku yenyewe, Jumamosi ya pili ya Februari, ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri na upepo wa kaskazini. Barafu ilikuwa na unene sawa na urefu wa mkono wa mtu mzima mpaka begani, na magari yalikuwa yameegeshwa juu yake kama uwanjani. Mchungaji akachota na kugawa. Delbert akaibeba ndoo yake mpaka kwenye kibanda chake, chenye zulia, mapazia aliyoshona mkewe, na jiko la kuni ambalo bomba lake lilikuwa tayari linafuka moshi. Ardis akatoboa matundu yake mawili kwa keekee, akapindua ndoo tupu, akaikalia, akaupa upepo mgongo. Ndoo ya chambo aliiacha juu ya barafu, nje, na kila utando wa barafu ulipotanda juu ya maji aliuvunja kwa kijiko.

Asubuhi haikutuendea vizuri. Kropi watatu walikamata, midomo ikachanika, wakarudi walikotoka. Saa sita jua lilipowaka juu ya theluji hakuna kropi aliyegusa kidagaa. Ardis akatoa mabuu shavuni, akapata samaki wadogo wawili ambao hata paka wetu angewatazama kwanza. Mtu mmoja akapita akatuambia kwamba Delbert anao wawili wa maana, naye amevua koti kwa joto. Nilitazama upande wa duka. Kutoka pale ubao ulionekana vizuri sana.

Ilipofika saa saba na nusu wingu lilifunika jua. Ardis akaanza kuukunja mshipi, taratibu, mizunguko kumi na miwili niliyoihesabu.

"Kwa nini unapandisha?" nikamuuliza.

"Kropi anatazama juu. Chambo kikiwa chini yake ni kama chakula cha jirani."

Boya la kwanza likazama bila kelele. Mara la pili nalo. Akawa na samaki mkono mmoja na mshipi mtupu mkono wa pili, na zimebaki dakika kumi.

"Wifi, nichagulie," alisema.

Sikuwa nimewahi. Miaka ishirini na mitatu katika nyumba ile na sikuwa nimeingiza mkono ndani ya ndoo ya chambo. Nilivua glovu. Maji yaliuma kama nyuki.

"Yupi?"

"Anayekukimbia. Anayekuja mkononi mwachie Delbert."

Nikamfukuza mmoja mwenye mgongo mweusi kuzunguka ndoo nzima mpaka nikambana ukingoni. Akaniambia nimpitishe ndoana juu juu, mbele kidogo ya pezi la mgongo, nisiguse mfupa, ili aogelee akidhani yuko huru. Vidole vyangu havikuwa na hisia tena, lakini nilifanya. Kidagaa akazama tunduni akiwa anapiga mkia.

Hakukaa dakika tatu. Boya halikuzama safari hii, lililala ubavu, maana samaki alikuwa amekamata akielekea juu. Ardis hakuvuta kwa nguvu. Aliinua mkono kama mtu anayeinua kikombe kilichojaa, akamleta kwa subira, na kichwa kilipotokea tunduni akamdaka kwa mikono miwili akamweka juu ya theluji. Ratili mbili na wakia tatu. Mpimaji alipima mara mbili kwa sababu hakuamini mizani yake.

Baragumu likalia. Watu wakatuzunguka, kisha wote tukaenda kibandani kwa Delbert, mchungaji mbele. Ndoo ya Ardis ilifunguliwa kwanza. Waliobaki walikuwa wanaogelea wote, na mchungaji alipoingiza kidole walitawanyika. Ndoo ya Delbert ilikuwa imeegemezwa kwenye jiko. Mmoja alikuwa bado anahema juu ya maji. Wengine walikuwa wamegeuza matumbo juu.

Ardis akaingiza mkono humo.

"Umewapika, Delbert."

Delbert alitazama ndoo, akatazama jiko. "Nilidhani wanasikia baridi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mbali.

"Ni samaki, kaka. Chini ya barafu ndiko kwao. Kinachowaua ni kukosa hewa, na maji ya moto hayashiki hewa."

Kicheko kilianzia mlangoni kikaenea ziwa zima, lakini hakikuwa kile cha mgahawani. Na hapa nitampa Delbert Haugrud haki yake, kwa sababu aliistahili. Kipaza sauti kilikuwa chake kwa kuwa ni mwenyekiti. Angeweza kutaja uzito na kukaa. Alipanda nyuma ya gari la zima moto, akatangaza kwamba mshindi ni Ardis Lindvik, halafu akasema, "Na vidagaa wa Lindvik ni wazima. Mimi ndiye niliyewaua, miaka mitatu mfululizo, kwa huruma." Ardis akageuka pembeni, akatema buu kwa adabu, akaenda kumpa mkono. Mke wa mchungaji aliniangalia. Sikutaja jino.

Jioni ile barua yangu niliichoma jikoni. Jumatatu Delbert alikuwa wa kwanza dukani, akajibu maswali yote matatu, akachukua wadogo.

Ubao haukushuka mpaka mwaka 1991, Ardis mwenyewe alipoamua kupumzika. Alipanda ngazi upande wa kushoto. Aliyepanda upande wa kulia, na kuushika usianguke, alikuwa Delbert Haugrud.