Mbu Gani Iko na Ngumi

Wiki ile shangazi wa mchumba wangu alipokuja kutoka Koboko kunitazama, mbu wa mtaa wetu wa Ediofe walikuwa wameshaniharibu uso. Jicho la kushoto lilifumba kabisa, na mdomo wa juu ulifura kama andazi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Arua baada ya miaka ya shule kule Kabale, kwenye baridi, ambako mbu ni wa kubahatisha. Na yule mwanaume nilimpenda kweli. Alikuja na shangazi yake, akakaa karibu na mlango, ameamriwa asiseme neno.

Shangazi hakugusa chai. Kwake yeye, msichana mwenye uso kama ule amepigwa na kaka zake ili akubali kuolewa, na ukoo wao hauoi mtu wa kulazimishwa. Akanishika kidevu.

"Nani alipiga wewe?"

"Mbu."

"Mbu gani iko na ngumi?"

Kaka yangu, mwalimu wa bayolojia, akaona zamu yake imefika. Akasimama akafundisha: mbu akitoboa ngozi hutema mate, na kwenye mate kuna protini za kuzuia damu isigande. Kinga ya mwili ikiziona ngeni, mtu huvimba. Wanaoumwa kila siku tangu utotoni, miili yao huchoka kugombana nazo. Wangu ulikuwa umezisahau. Shangazi alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akaomba kuona vifundo vya vidole vyake. Kwa bahati mbaya vilikuwa vimechubuka, maana asubuhi ile alikuwa akitengeneza baiskeli. Shangazi akaanza kutafuta viatu vyake.

Nikamsihi abaki mpaka magharibi. Tukakaa uani, mikono wazi, hatupungi wala hatupigi, na mbu wakatuuma bila ubaguzi. Mkono wake ukabaki na kidoa kidogo tu. Wangu ukaumuka mbele ya macho yake, na sijawahi kufurahia kuwashwa kiasi kile. Kaka alitaka kuongeza jambo kuhusu protini, akaambiwa akae.

Shangazi akaupapasa ule uvimbe, akaagiza chai ipashwe moto. Kisha akasema, akiniangalia mimi lakini kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Leo mimi naamini. Lakini siku nitakuta jicho yako imefura kule Koboko, nitatafuta hiyo mbu. Kama iko na suruali, nitaitandika."

Mchumba wangu akaitazama suruali yake.