Chai Iliyotangulia Ahadi

Karani mstaafu wa mahakama ana kidole cha shahada kinachofanya kazi kuliko mikono yake yote miwili. Akikumbushwa ahadi, hukiinua taratibu, hukohoa kama anayefungua kesi, kisha huuliza kwa sauti laini, "Nami nilipewa nini?" Kwake, ahadi isiyotolewa kwa kubadilishana na kitu ni upepo, haimfungi mtu. Jirani na shemeji walishasalimu amri. Aliyebaki ni mkewe, maana paa linamvujia yeye tu, upande wake wa kitanda. "Si nilikupikia chai, ukaahidi kuliziba?" "Chai ilitangulia, mama watoto. Nilikunywa kwanza, nikaahidi baadaye. Kilichokwisha kutolewa hakinunui ahadi." Kisha hujilalia upande mkavu, akikoroma kama aliyeshinda kesi.

Asubuhi moja, mawingu yakiwa yametanda, mkewe alisimama mbele yake na kikombe kinachonukia tangawizi, asikiweke mezani. Karani akanyoosha mkono. Kikombe kikarudi nyuma. "Sema kwanza." Kidole kikapanda, kikasita, kikashuka chenyewe. "Haya, nipe chai hiyo, nami nitaziba paa leo." Akapewa. Akainywa polepole mpaka machicha, kama anayetafuta rufaa chini ya kikombe. Hakuiona. Baadaye alikuwa katikati ya ngazi, nyundo kiunoni, ngazi ikitikisika. "Mama watoto, njoo unishikie." Mkewe akaja, akasimama chini, akakohoa kidogo, akainua kidole. "Nami nitapewa nini?"