Mjerumani wa Kleparz

Walenty Gorczak alibeba mizigo kwa gari la farasi katika soko la Kleparz, mjini Kraków. Alikuwa na shingo nene na ulimi mchungu kama shubiri. Siku moja mchoraji Zaremba alimkuta akimtukana farasi wake, akamwambia, "Njoo kwangu nikuchore. Navichora vita vya Grunwald, Wapoland walipowashinda Wajerumani."

Majira yote ya baridi Walenty alisimama ndani ya deraya mbele ya turubai, akila soseji za mchoraji. Kilabuni alijitapa kwamba yeye ndiye shujaa wa Poland.

Picha ilipofunguliwa kwa watu, alikwenda na mkewe Rozalia, wote wamevaa nguo za kanisani. Waliutafuta sana uso wake kati ya mashujaa. Rozalia ndiye aliyeuona: ulikuwa wa mkuu wa Wajerumani, macho yamemtoka pima, mkuki umemfika kooni.

Kesho yake Szczepan, mshona viatu, alimpokea sokoni. "Hujambo, Mjerumani? Kumbe bado hujafa."

Watu wakaangua kicheko. Walenty akamng'oa jino kwa ngumi.

"Ng'oa na la pili," Szczepan akasema, akitema damu. "Si ndiyo kazi yenu?"

Walenty akaenda moja kwa moja kwa Zaremba. "Nifute."

"Sikufuti."

"Ulinidanganya."

"Hukuuliza. Nilitaka uso wa mtu asiyempenda yeyote, nikauona wako. Kwani nimekosea?"

Walenty akatema mate kwenye zulia, akatoka.

Picha ikanunuliwa na tajiri wa Warszawa, ikaondoka, lakini jina likabaki. Watoto waliliimba nyuma ya gari lake, naye akawachapa mjeledi. Mama zao wakamrushia maji machafu kutoka madirishani. Kwa Szczepan hakupita tena. Viatu vilipotoboka alivitia majani makavu.

Miaka ikapita, Szczepan akafa katika mvua za masika. Mjane wake akaja kuomba gari la kubebea jeneza.

"Mwambie atembee," Walenty akasema. "Miguu ya Wapoland ina nguvu."

 Rozalia akavaa shali, akaingia zizini, akafunga farasi garini mwenyewe.

"Ukitoka na gari hilo usirudi," Walenty akamwambia.

"Nitarudi," Rozalia akasema. "Nyumba ni ya baba yangu. Wewe ndiye utafute pa kwenda."

Akashika hatamu, akatoka. Walenty alibaki mlangoni akitafuna mkate na kitunguu, wala hakumfungia mlango.